Chumba cha kulala na mlango wa kliniki

Tarehe 1 Novemba 1961 kliniki ya uzazi wa mpango ilifunguliwa katika nyumba namba 79 ya mtaa wa Trumbull, mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Siku mbili baadaye askari kanzu wawili walifika kuichunguza. Mkurugenzi wa chama kilichoiendesha, Bi. Estelle Griswold, hakuwafungia mlango wala hakuficha kitu. Aliwakaribisha, akawaeleza kwa kirefu huduma zinazotolewa pale na vifaa wanavyopewa wanawake, huku akijua fika kwamba maelezo yake ndiyo yatakayokuwa ushahidi dhidi yake. Tarehe 10 Novemba alikamatwa pamoja na daktari wa kliniki, C. Lee Buxton, aliyekuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya wanawake na uzazi katika Chuo Kikuu cha Yale, na kliniki ikafungwa kabla haijatimiza wiki mbili. Kila mmoja alitozwa faini ya dola 100.

Rufaa dhidi ya faini hiyo ndiyo iliyozaa hukumu ya Griswold dhidi ya Connecticut, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 7 Juni 1965, ambayo hadi leo ndiyo hutajwa kwanza kila panapozungumzwa haki ya mtu kutumia njia za kuzuia mimba. Katika miaka ya karibuni nimekuwa nikizirudia hukumu za aina hii, za huko na za kwingineko, na sina ugomvi na mahali majaji walipofikia. Ninachokihoji ni swali walilochagua kulijibu. Griswold na Buxton walishtakiwa kwa sababu ya mlango waliofungua barabarani, mlango ambao mwanamke asiye na daktari wake binafsi angeweza kuupita. Mahakama ilipowafutia hatia ilizungumzia chumba cha kulala cha mume na mke. Haki iliyopatikana ikawa ya kutosumbuliwa na polisi ndani ya nyumba, na suala la nani atauza, nani atatoa, kwa mtu wa umri gani na kwa gharama ya nani likaachwa libishaniwe kesi baada ya kesi mpaka sasa.

Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 1879. Miaka sita kabla yake Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyobeba jina la Anthony Comstock, mpiga vita maarufu wa mambo aliyoyaona kuwa machafu, iliyokataza kupitisha katika posta picha na maandishi ya aibu pamoja na kitu chochote cha kuzuia mimba. Majimbo mengi yaliiga kwa namna yake, lakini Connecticut ilikwenda mbali zaidi kwa kukataza matumizi yenyewe. Miongoni mwa waliousukuma muswada huo alikuwemo P. T. Barnum, yule yule mwenye sarakasi, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Mtu yeyote atakayetumia dawa au kifaa kwa lengo la kuzuia mimba, ilisema sheria, atatozwa faini isiyopungua dola 50, au atafungwa kwa muda usiopungua siku 60 na usiozidi mwaka 1, au atapewa adhabu zote mbili. Kifungu kingine cha sheria za jinai za jimbo kiliongeza kwamba anayemsaidia au kumshauri mwingine kutenda kosa ataadhibiwa sawasawa na mtendaji.

Ukiisoma harakaharaka utadhani polisi wa Connecticut walikuwa wakipekua vitanda vya watu. Mahakama ya Juu ilipotafuta, mwaka 1961, kesi za jinai zilizowahi kufunguliwa chini ya makatazo hayo katika kipindi cha zaidi ya miaka 75, ilipata moja tu, na walioshtakiwa humo walikuwa madaktari wawili na muuguzi mmoja wa kliniki ya Waterbury, iliyovamiwa mwaka 1939. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba sheria ni halali hata inapomgusa daktari, mashtaka yakaondolewa, na kliniki za uzazi wa mpango jimboni zikafungwa. Kondomu ziliendelea kuuzwa katika maduka ya dawa kwa maelezo kwamba ni kinga ya magonjwa. Mwanamke mwenye uwezo alikwenda kwa daktari wake, wakazungumza faraghani, akarudi nyumbani na kiwambo chake, yaani kifaa cha mpira cha kuvaa ukeni kinachozuia mbegu. Yule aliyekuwa akitegemea kliniki alibaki bila mahali pa kwenda, isipokuwa alipobahatika kupata nafasi katika magari ambayo chama cha Griswold kilitumia kuwavusha wanawake mpaka wa jimbo hadi Port Chester katika jimbo la New York, au Providence katika Rhode Island. Sheria iliyosemekana kuwa haitekelezwi ilikuwa ikitekelezwa kila siku, ila kwa watu wa kipato fulani tu.

Mahakama ya Juu ililikwepa jambo hili mara mbili kabla ya kulikabili. Mwaka 1943 ilimwambia Dk. Wilder Tileston kwamba hana haki ya kufungua shauri, kwa kuwa maisha yaliyo hatarini ni ya wagonjwa wake na si yake. Mwaka 1961 wakaja wagonjwa wenyewe, katika kesi ya Poe dhidi ya Ullman, nao wakatumia majina ya kubuni. Bi. Poe alikuwa amejifungua mara tatu mfululizo watoto wenye kasoro nyingi za maumbile, wote wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mwenzake, aliyeitwa Jane Doe, alikuwa amenusurika ujauzito uliompotezea fahamu kwa wiki mbili na kumwacha amepooza sehemu ya mwili. Wote wawili walikuwa wakitibiwa na Buxton, na wote walitaka kitu kimoja: daktari wao aruhusiwe kuwashauri. Jaji Felix Frankfurter alijibu kwamba vifaa hivyo vinauzwa waziwazi katika maduka ya dawa, hakuna anayeshtakiwa, na kwa hiyo hakuna mgogoro wa kweli wa kuamuliwa. Kwa mtu aliyezika watoto watatu jibu hilo lilikuwa baridi mno.

Hata hivyo, Jaji William Brennan, aliyekubaliana na matokeo hayo, aliandika maneno machache ambayo ninayaona kuwa ndiyo ufunguo wa kadhia nzima. Alisema kwamba mgogoro wa kweli uliopo Connecticut unahusu kufunguliwa kwa kliniki kwa wingi, na kwamba jimbo likijaribu kuzuia hilo, utakuwepo wakati wa kutosha wa mahakama kuamua. Ni vigumu kutoyasoma maneno hayo kama mwaliko. Hukumu ilitolewa Juni, na Novemba ya mwaka huo huo kliniki ya mtaa wa Trumbull ilikuwa wazi.

Sasa tuitazame hukumu ya 1965 yenyewe. Majaji saba dhidi ya wawili waliona kwamba sheria ya Connecticut inakiuka katiba, lakini hao saba hawakukubaliana kwa nini. Maoni ya mahakama yaliandikwa na Jaji William O. Douglas, na ni mafupi kuliko unavyotarajia kwa hukumu yenye jina kubwa kiasi hicho. Katiba ya Marekani haitaji faragha popote. Douglas alisema kwamba haki zilizotajwa humo zina vivuli vinavyozizunguka, na kwamba katika vivuli hivyo ndimo faragha inamokaa: Marekebisho ya 1 ya katiba hiyo yanalinda uhuru wa kujumuika, ya 3 yanakataza askari kulazwa katika nyumba ya mtu wakati wa amani bila ridhaa ya mwenyewe, ya 4 yanazuia upekuzi usio na sababu, ya 5 yanamlinda mtu asilazimishwe kujitia hatiani, na ya 9 yanasema kuorodheshwa kwa haki fulani kusichukuliwe kuwa ni kuzikana nyingine. Kisha akauliza kama tungewaruhusu polisi kupekua maeneo matakatifu ya vyumba vya kulala vya wanandoa wakitafuta dalili za vifaa hivyo, na akajibu kwamba wazo lenyewe linachukiza.

Swali hilo lina nguvu ya mimbari, na limenukuliwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba lilihusu upekuzi ambao haukuwahi kutokea. Tena Douglas mwenyewe alichora mstari: alisema sheria hii imekosea kwa kuwa inakataza kutumia, badala ya kusimamia utengenezaji au uuzaji. Maana yake ni kwamba uuzaji ulibaki mikononi mwa bunge. Aliwafutia hatia watu wawili waliotoa vifaa kwa kueleza haki za watu wanaovitumia, kisha mlango wenyewe akauacha nyuma yake bila kuusemea.

Aliyeuona mlango alikuwa Jaji Byron White. Katika maoni yake ya kuunga mkono, ambayo sijui kwa nini hayasomwi zaidi, aliandika kwamba matokeo halisi ya sheria hizo, kwa jinsi zinavyotekelezwa, ni kuwanyima raia wasio na elimu wala uwezo wa kupata ushauri binafsi msaada wa kitabibu na maarifa ya kisasa kuhusu njia sahihi za kuzuia mimba. Hapo hapakuwa na vivuli wala vyumba vitakatifu. Palikuwa na mwanamke wa Waterbury ambaye kliniki yake ilifungwa. Laiti maoni ya mahakama yangejengwa juu ya aya hiyo, naamini mengi yaliyofuata yangekwenda kwa njia nyingine. Ni kinaya cha historia kwamba White huyu huyu, miaka 8 baadaye, alikuwa mmoja wa majaji wawili waliopinga hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyotambua haki ya kutoa mimba.

Wapinzani wawili wa 1965 wanastahili kusikilizwa kwa haki, kwa sababu hoja zao ndizo zilizorudi mwaka 2022. Jaji Potter Stewart aliiita sheria ya Connecticut ya kipumbavu kupita kawaida, lakini akasema hakuulizwa kama ni ya kipumbavu. Aliulizwa kama inakiuka katiba, naye hakuona kifungu inachokikiuka. Jaji Hugo Black alikiri kwamba anaipenda faragha yake kama mtu mwingine yeyote, ila akalazimika kukubali kwamba serikali ina haki ya kuiingilia isipokatazwa na kifungu mahususi. Sikubaliani nao. Katiba iliyosema kwa maandishi kwamba haki zisizotajwa hazifutwi kwa kutotajwa haiwezi kusomwa kama orodha ya bidhaa za ghalani. Lakini wasiwasi wao kwamba haki iliyochotwa katika kivuli inaweza kurudishwa humo humo haukuwa wa kupuuzwa.

Chumba cha kulala cha wanandoa kilikuwa na kasoro ya pili, nayo ni kwamba wasiooana hawakuwemo. Tarehe 6 Aprili 1967 William Baird, mwanaharakati wa uzazi wa mpango, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Boston, na mwishoni akamkabidhi msichana mmoja kopo la povu la kuzuia mimba. Alikamatwa pale pale. Sheria ya Massachusetts, iliyowekwa chini ya sura ya makosa dhidi ya usafi wa mwenendo na maadili, iliruhusu vifaa hivyo kutolewa kwa waliooana peke yao, tena na daktari au mfamasia, na Baird hakuwa daktari wala mfamasia. Kosa hilo lilibeba kifungo cha hadi miaka 5. Mahakama ya Juu iliamua kesi hiyo, Eisenstadt dhidi ya Baird, tarehe 22 Machi 1972, majaji sita dhidi ya mmoja, na safari hii Brennan ndiye aliyeshika kalamu. Alionyesha kwa hesabu za kawaida jinsi sheria ilivyojipinga: zinaa yenyewe katika jimbo hilo iliadhibiwa kwa faini ya dola 30 au miezi mitatu jela, wakati anayempa mtu kifaa cha kujikinga na matokeo yake anaweza kufungwa miaka mitano. Hakuamini kwamba jimbo lilikusudia kumfanya mtoto asiyetarajiwa awe adhabu ya zinaa.

Kisha akaandika sentensi mbili ambazo kwangu ni bora kuliko vivuli vyote vya Douglas. Ya kwanza inasema kwamba wanandoa si kiumbe kimoja chenye akili na moyo wake. Ni muungano wa watu wawili, kila mmoja akiwa na akili na hisia zake. Ya pili inasema kwamba kama haki ya faragha ina maana yoyote, basi ni haki ya mtu binafsi, awe ameoa au ameolewa au la, kutoingiliwa na serikali pasipo sababu katika jambo linalomgusa kwa undani kiasi hicho, yaani uamuzi wa kuzaa au kutozaa. Haki ikahama kutoka chumbani ikaja kwa mtu mwenyewe. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Carey, mahakama ilifuta sheria ya New York iliyokataza kuwauzia vifaa hivyo walio chini ya miaka 16, iliyowataka wengine wote wanunue kwa mfamasia mwenye leseni tu, na iliyozuia matangazo. Hapo ndipo ilipokiri kwamba kuzuia kabisa uuzaji kungemwumiza mtu sawa na kuzuia matumizi. Ilikuwa mwaka 1977, na ninahesabu hiyo kuwa ndiyo hukumu iliyoukaribia mlango kuliko zote, ingawa wanaoitaja ni wachache.

Kisa cha Ireland ndicho kilichonionyesha kwamba jambo hili halihusu Marekani peke yake. May McGee alikuwa mama wa watoto wanne, mke wa mvuvi, akiishi na familia yake katika nyumba ya kuhamishika huko Skerries, kaskazini mwa Dublin. Katika ujauzito mmoja alipata kiharusi kilichokaribia kumuua na kumpooza upande mmoja kwa muda, na daktari wake akamwonya asishike mimba tena. Alimshauri atumie kiwambo pamoja na jeli ya kuua mbegu, na kwa kuwa jeli hiyo haikuuzwa Ireland, McGee aliagiza Uingereza. Forodha wakakikamata kifurushi kwa mujibu wa sheria ya 1935 iliyokataza kuuza na kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Angalia kwamba hata huko hakuna aliyeingia chumbani kwake. Kilichoguswa ni kifurushi kilichokuwa njiani. Alishindwa Mahakama Kuu, akakata rufaa, na tarehe 19 Desemba 1973 Mahakama ya Juu ya Ireland ikampa ushindi, majaji wanne dhidi ya mmoja. Griswold ilitajwa katika hukumu hiyo, na msingi ukawa ule ule wa faragha ya ndoa.

Tazama sasa haki hiyo ilivyotembea baada ya kutoka mahakamani. Serikali ilipopeleka muswada bungeni mwaka 1974 ili kuruhusu uuzaji kwa wanandoa, waziri mkuu Liam Cosgrave alipiga kura dhidi ya muswada wa serikali yake mwenyewe, ukaanguka. Sheria ilipatikana mwaka 1979, nayo iliruhusu kondomu kwa cheti cha daktari, tena kwa ajili ya mpango wa uzazi wa kweli, na waziri aliyeileta, Charles Haughey, akaiita suluhisho la Kiayalandi kwa tatizo la Kiayalandi. Mwaka 1985 cheti kiliondolewa kwa waliotimiza miaka 18, lakini maduka ya kawaida hayakuruhusiwa kuuza, na mwaka 1991 chama cha uzazi wa mpango cha nchi hiyo kilitozwa faini ya pauni 500 kwa kuuza kondomu ndani ya duka la muziki jijini Dublin. Waliojitolea kuilipa ni wanamuziki wa bendi ya U2. Ilikuwa imepita miaka 17 na ushei tangu May McGee ashinde kesi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulitazama hili kwa jicho la karibu, kwa kuwa katiba zetu zimeligawa suala hilo kwa namna ya kushangaza. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Alichokitafuta Douglas vivulini, sisi tumeandikiwa waziwazi. Msaada kwa mtu wakati wa maradhi, kwa upande mwingine, umewekwa katika ibara ya 11, ndani ya sehemu ya malengo ya taifa, ambayo ibara ya 7 inakataza mahakama kuisimamia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, kisha katika kifungu cha 43 inataja huduma za afya ya uzazi kwa jina miongoni mwa haki ambazo mtu anaweza kuzidai. Na Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo nchi zote mbili zimeiridhia, inataja katika ibara ya 14 haki ya mwanamke kuchagua njia yoyote ya kuzuia mimba. Kwa maandishi, chumba na mlango vyote vimeguswa, ingawa kwa vipimo tofauti.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi katika zahanati moja ya kijijini, na nilipomtembelea nilikaa kwenye benchi la nje nikimsubiri amalize kazi. Uzazi wa mpango katika vituo vya serikali kwetu hutolewa bure, na hilo ni jambo kubwa ambalo Connecticut ya 1961 haikuwa nalo. Alikuja mama kijana, kitenge kimefungwa mara mbili, kadi mkononi.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Leo ndiyo tarehe yako ya sindano, nimeiona. Lakini sindano zimeisha, tunasubiri gari la wilaya. Nikupe vidonge vikushikize mpaka zije?”

Yule mama aliangalia chini kidogo. “Vidonge vitaonekana nyumbani, dada.”

Dada yangu hakumwuliza zaidi. Alimweleza habari za vijiti, kwamba navyo vimebaki vichache, akamwambia akae ndani wazungumze, akafunga mlango.

Mama yule ni mke wa mtu, na chumba chake cha kulala kinalindwa na ibara ya 16. Lakini faragha aliyoihitaji ni ya peke yake, hata ndani ya ndoa, na ndiyo maana ninaithamini ile sentensi ya Brennan kuhusu watu wawili wenye akili na hisia mbili. Alihitaji pia kitu ambacho hakuna jaji wa 1965, mbali na White, aliyekaribia kukiandika: kabati lenye dawa.

Marekani yenyewe, baada ya Carey, mabishano yalihamia kwenye fedha. Mwaka 2014, katika kesi ya Hobby Lobby, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kampuni inayomilikiwa na familia inaweza, kwa sababu za dini, kukataa kugharimia katika bima ya wafanyakazi njia 4 kati ya 20 zilizokuwa zimeidhinishwa. Hakuna aliyezuiwa kutumia njia hizo nyumbani kwake. Ni mlango tena, safari hii mlango wa bima.

Halafu ikaja tarehe 24 Juni 2022, siku Mahakama ya Juu ilipoitengua Roe katika hukumu ya Dobbs. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba hakuna kitu katika maoni ya mahakama kinachopaswa kuzitilia shaka hukumu zisizohusu utoaji mimba. Jaji Clarence Thomas, katika maoni yake binafsi, akasema kinyume chake, kwamba katika kesi zijazo mahakama izitafakari upya hukumu zote za mkondo huo, yaani zilizotambua haki zisizotajwa waziwazi katika katiba, na akaitaja Griswold kwa jina. Hakuna mwenzake aliyetia saini chini ya maoni hayo. Wasomaji wa siku nyingi hawakushangaa, kwani tangu mwaka 2003, alipopinga hukumu ya Lawrence dhidi ya Texas, iliyofuta sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, alikuwa ameazima maneno ya Stewart kuhusu sheria ya kipumbavu kupita kawaida ambayo hata hivyo jaji hana mamlaka ya kuifuta. Majaji watatu wa upande wa pili walijibu mwaka 2022 kwamba kama haki isiyo na mizizi katika karne ya 19 si haki, basi ahadi ya Alito haina kinachoishikilia.

Mimi sitarajii kuona jimbo lolote likikataza tena matumizi kama ilivyofanya Connecticut mwaka 1879. Ninachokiona kikija ni kile ambacho tayari kimeanza pembeni. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya kanda ya tano ilikubali kwamba sheria ya Texas inayodai ridhaa ya mzazi inatawala hata katika kliniki zinazopata fedha za mpango wa serikali kuu wa uzazi wa mpango, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikiwahudumia vijana kwa siri. Hukumu kama hiyo haihitaji kuigusa Griswold hata kidogo, kwa sababu Griswold haikuahidi kliniki kwa mtu yeyote.

Wanasiasa walioelewa hivyo waliacha kuzitegemea mahakama. Novemba 2022 wapiga kura wa California waliingiza katika katiba ya jimbo lao haki ya kuchagua au kukataa njia za kuzuia mimba, na wa Michigan wakafanya vivyo hivyo ndani ya kifungu kipana cha uhuru wa uzazi. Bungeni Washington, muswada uliopitishwa na baraza la wawakilishi Julai 2022 kwa kura 228 dhidi ya 195 ulitamka haki mbili kwa pamoja: ya mtu kupata njia za kuzuia mimba, na ya mtoa huduma kuzitoa. Haki hiyo ya pili ndiyo ambayo Griswold na Buxton walikamatwa kwa kuitumia. Seneti haikuupitisha. Muswada wa namna hiyo uliporudishwa huko tarehe 5 Juni 2024, ulipata kura 51 dhidi ya 39, na zilihitajika 60 ili mjadala wake uendelee.